Jibu: Kwa nini kutua vumbini kunahitaji mazoezi yake?
Mkuu, umeuliza kwa nini marubani wa helikopta za kijeshi za Merlin wa Uingereza walipelekwa El Centro, California, kabla ya Afghanistan. Jangwa, basi. Upepo wa rafadha huinua wingu la vumbi linaloanzia mkiani na kusogea mbele. Mwenzao anayechungulia mlangoni hulitangaza: liko mkiani, liko mlangoni, limekufikia. Kabla halijafika, rubani awe ameshakamata alama moja ya karibu, jiwe au kichaka, na asibandue macho kwayo mpaka magurudumu yaguse. Kuelea akisubiri vumbi litulie ni kosa, litazidi tu. Akiipoteza alama anapaa papo hapo, maana bila alama hatajua kama helikopta inaserereka kando, na gurudumu likinasa inabiruka. Joto nalo hupunguza nguvu ya kuinuka, kwa hiyo uzito hupigiwa hesabu mapema.