Kabla hujanunua kamera ya zawadi, jua kwanza huyo mtu anakwama wapi

Swali ninaloulizwa kuliko yote na ndugu na marafiki ni hili, kuna mtu wangu anapenda kupiga picha, nataka kumfanyia zawadi, nichukue kamera gani? Na mimi kila mara nawauliza, saa hizi anakwama wapi? Maana watu wengi wanaanza na jina la kamera, wanaangalia ina megapikseli ngapi (yaani picha ina nukta milioni ngapi), wanalinganisha wee mpaka usiku wa manane, kumbe shida ya huyo anayenunuliwa wala haiko huko.

Hizo megapikseli tuzimalize kabisa. Picha ya kuprinti saizi ya A4 kwa ubora mzuri, ule wa nukta 300 kwa inchi, inataka kama megapikseli 9 hivi, na skrini nzima ya 4K ni kama 8 tu, 3840 mara 2160, piga hesabu mwenyewe. Kamera za kubadilisha lenzi, hata za mtumba, nyingi zinaanzia 16 kwenda juu, 24 ni kawaida kabisa. Kama mtu anapiga ndege wa mbali halafu anakata picha abaki ndege peke yake, hapo sawa, nyingi zinasaidia. Ila kwa mtu wa watoto, sherehe na mandhari hizo zinatosha na kubaki.

Kinachowakwamisha wengi ni mwanga. Mpwa wangu alipopata kamera yake ya kwanza ilikuja na ile lenzi ya kawaida ya kuzumu ya 18-55mm (namba ndogo inaona eneo pana, kubwa inavuta karibu), mchana nje picha zake tamu kweli, ikifika jioni sebuleni kila kitu chenga chenga, mikono ya watu imevutika kama moshi, akawa anasema kamera mbovu anataka kuiuza achukue nyingine. Nikamwambia tulia kwanza. Nikamfungia lenzi yangu ya 35mm yenye f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga unaingia mwingi), akakaa palepale kwenye kochi, taa ileile, akampiga bibi yake anasuka ukili, na picha ikatoka safi mpaka zile nyuzi za minyaa unazihesabu. Kamera ni ileile! Kilichobadilika ni tundu la lenzi, ile ya 18-55 ukizumu mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu, na f/1.8 inaingiza mwanga kama mara kumi ya huo. Hata ukihama kutoka sensa (kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga) ndogo ya APS-C ukaenda ile kubwa ya fulufremu, ambako ndiko hela nyingi zinapotelea, sensa inakuwa kubwa kama mara mbili na kidogo tu. Ndiyo maana mi nasema hela iende kwenye lenzi.

Sasa 35 au 50? Zote za f/1.8 hazina bei ya kutisha ukilinganisha na lenzi nyingine, lakini kwenye kamera ya APS-C lazima uzidishe namba ya lenzi kwa 1.5, Canon 1.6, ili uilinganishe na fulufremu, kwa hiyo 50 inaona kama 75 au 80, ukiwa chumba kidogo unarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta na bado watu hawaenei. Anayepiga ndani ya nyumba mpe 35. Anayependa kupiga sura za watu nje, 50 itampendeza sana.

Ila hapa kwenye lenzi ndipo zawadi nyingi zinapoharibika, kwa sababu ya maunti, yaani pale lenzi inapojifunga kwenye kamera. Kuona jina Canon kwenye lenzi na Canon kwenye kamera hakutoshi hata kidogo. Canon wana EF tangu 1987, wana EF-S za sensa ndogo, halafu 2018 wakaja na RF. Lenzi ya EF inakaa kwenye kamera ya RF kwa adapta na inafanya kazi vizuri, lakini lenzi ya RF kwenye DSLR ya zamani (zile kamera zenye kioo ndani) haikai. Nikon nao wana F tangu 1959 na Z tangu 2018, na zile DSLR zao ndogo za D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi ya zamani iliyoandikwa AF tupu bila S utalazimika kuifokasi kwa mkono, na anayeanza hilo linamkatisha tamaa haraka sana. Cha kufanya ni rahisi, siku ukimtembelea vizia kamera yake, piga picha kwa simu jina la bodi (kamera yenyewe bila lenzi) na maandishi ya mbele ya lenzi, nenda nayo dukani.

Mtumba mi naupenda na ningependa watu waache kuuogopa, lakini ukague kwa mkono wako. Chukua lenzi, fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu uimulike kwa nyuma huku unachungulia kwa mbele, igeuze geuze taratibu. Vumbi kidogo lisikutishe, halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni fangasi, vinyuzi vyembamba kama utando wa buibui, huwa vinaanzia pembeni vinaelekea katikati, ukiviona irudishe hata kama muuzaji anapunguza bei. Halafu ifunge kwenye kamera, weka f/16, piga ukuta mweupe au anga isiyo na mawingu, mara mbili tatu, zumu hizo picha. Vidoa vinavyorudi sehemu ileile ni uchafu kwenye sensa, mara nyingi unasafishika, kwa hiyo hapo ongea bei. Na uliza shata, ile pazia inayofunguka kila unapopiga picha, imepiga mara ngapi, kamera nyingi za wanaoanza zinakadiriwa kama 100,000, sio kwamba ikifika hapo inakufa, ila iliyokaribia huko isiuzwe bei ya mpya.

Memori kadi feki ziko kila mahali na ndizo zinazoniuma zaidi kwa sababu mtu anapoteza picha za harusi, sio hela tu. Inaandikwa GB 128 kumbe ndani ni ndogo, picha zinaingia, zinaonekana zimeingia, baadaye hazifunguki. Kuna programu za bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Mac na Linux, zinaijaza kadi yote halafu zinasoma kila kitu upya. Ipime kabla hujaifunga kwenye zawadi.

Kama huyo mtu anakwama kwenye kuediti, laptopu inaganda, basi kamera mpya ya mafaili makubwa itamuongezea mateso. Mtafutie yenye SSD (diski ya kasi) na ramu GB 16, na uulize kama ramu inaongezeka maana nyingi siku hizi zimechomelewa hapohapo kwenye bodi ya ndani ya laptopu, ulichonunua ndicho hichohicho mpaka mwisho. Kioo kiwe cha aina ya IPS, zile za bei ya chini ukiinamisha kidogo tu rangi zinageuka, utaediti nini hapo? Ukichukua ya mtumba hakikisha inakubali Windows 11, kwa sababu Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za prosesa za Intel kabla ya kizazi cha 8 hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Na betri, andika powercfg /batteryreport kwenye ile dirisha nyeusi ya amri (Command Prompt), itakupa uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa, linganisha.

Wa video mnunulie maiki. Watu wanavumilia picha yenye chenga, sauti ya mwangwi hawavumilii.

Ukishapata, fungua boksi kabla ya siku yenyewe, najua inauma kufungua kitu kipya lakini fungua, chaji betri ijae, weka kadi, rekebisha tarehe na saa, piga picha moja uone inafanya kazi, halafu rudisha kila kitu kilivyokuwa. Risiti baki nayo wewe.