Je, sumaku ya MRI itavuta chuma kilichomo kwenye damu?

SWALI: Shikamoo mzee. Baba yangu ni fundi wa kuchomelea mageti, na daktari amemwandikia kipimo cha MRI cha mgongo. Jirani kamtisha kwamba sumaku ile inanyonya chuma cha damu, sasa hataki kwenda. Ni kweli?
Binti yake, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimepiga picha za hospitali hadi kustaafu, na hofu hiyo nimeisikia mara nyingi mlangoni pa chumba cha MRI. Chuma cha damu si kama msumari. Kimefungwa chembe mojamoja ndani ya hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, na damu yenye oksijeni haivutwi na sumaku. Husukumwa, tena kidogo mno. Maji nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1997, mjini Nijmegen, Uholanzi, Andre Geim na wenzake walimtia chura hai ndani ya sumaku ya tesla 16 hivi (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Chura akaelea hewani, kwa kuwa maji ya mwili wake yalikuwa yakisukumwa, na akatoka mzima. Mashine za hospitali nyingi ni tesla 1.5 au 3. Kwenye zile za tesla 7, wengine hupata kizunguzungu, kwa sababu sumaku husukuma majimaji yenye chumvi ya sikio la ndani. Wakitoka, kizunguzungu huisha.

Ila kazi ya baba ndiyo iliyonishtua. Anayechomelea na kukata vyuma kwa grenda anaweza kukaa miaka na kipande cha chuma jichoni bila kujua. Sumaku ikikisogeza, jicho linachanika ndani. Nilimpokea fundi mmoja aliyeapa kwamba macho yake ni salama. Kuna siku kitu kilimwingia, akanawa maji, yakaisha. Tulipompiga eksirei ya macho kwanza, kidoa cheupe kikaonekana pembeni mwa jicho la kushoto. Hakuingia.

Kama ana betri ya moyo au chuma chochote alichowekewa kwa upasuaji, aseme pia. Na asidhani sumaku huwashwa akishalala kitandani: ile inavuta usiku na mchana. Nimeona pini ya ushungi ikichomoka na kuruka mgonjwa akiwa bado anatembea.

Aende, mwanangu. Ila pale mapokezi, kabla hata ya kutaja jina, aseme yeye ni fundi wa kuchomelea.