Maswali na Majibu: Genge la pwani Lindi, jiwe la juu na udongo wa chini vina umri mmoja?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa jiografia huku Lindi. Nilipeleka wanafunzi ufukweni kwenye genge moja, juu kuna jiwe gumu la matumbawe, chini yake udongo wa kijivu wenye mistari imeinama, na kwenye huo mstari mmojawapo kuna vijiwe bapa vya mviringo kama sarafu. Wameniuliza, hivi vyote vimetokea pamoja? Na mbona mistari ya chini imeinama ila jiwe la juu limelala sawa?

JIBU: Marahaba mwalimu. Hapana, havijatokea pamoja, tena havikaribiani kabisa. Yaani kitu kikubwa kuliko vyote hapo wala sio jiwe wala udongo, ni ule mpaka wenyewe ambapo jiwe limekalia udongo, manake hapo kuna mamilioni ya miaka ambayo haikuacha tabaka lolote.

Tuanze chini. Kwa ulivyoelezea, huo udongo ni wa Kundi la Kilwa, ndio jina wajiolojia walilolipa matabaka yanayotoka Kilwa mpaka huko kwenu Lindi, ya chini kabisa yana zaidi ya miaka milioni 80 na ya juu kama milioni 30 na kitu. Vile vijiwe bapa ni numuliti, kiumbe cha seli moja tu (ndio, seli moja, na unakishika mkononi!) kilichoishi sakafuni mwa bahari ya maji mafupi, mwanga unapofika. Vilizagaa sana enzi ya Eosini, kati ya miaka milioni 56 na 34 iliyopita, hata mawe ya piramidi za Misri yamejaa hivyo hivyo.

Sasa waulize wanafunzi hivi: udongo laini wa namna ile ulitua kwenye maji marefu, mamia ya mita, numuliti wa maji mafupi alifikaje? Aliporomoka. Mchanga wa pembeni ulikatika ukateremka na maganda yake mpaka kilindini, ukifika huko vizito vinatua kwanza, vyepesi vinafuata. Kwahiyo liangalie hilo tabaka kwa karibu, ukikuta punje kubwa ziko chini na zinapungua kadiri unavyopanda basi ndio maporomoko hayo, na hapo hapo umeshajua kwamba tabaka halijapinduliwa.

Jiwe la juu ni mtoto mdogo. Matumbawe mengi yaliyoinuka ufukweni kwetu ni ya kama miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9. Kabla ya hapo udongo ulikuwa umeshasukumwa na mipasuko ya ardhi ukainama, ukainuliwa, ukaliwa na mvua na mawimbi mpaka ukawa tambarare, ndipo matumbawe yakaota juu yake. Ndio maana chini kumeinama na juu kumelala. Pitisha brashi kwenye huo mpaka, tafuta changarawe au vipande vya udongo mkavu vilivyonaswa ndani ya jiwe la juu, kilichonaswa lazima kiwe kikubwa kiumri kuliko kilichokinasa.

Na huo udongo msiudharau jamani. Miaka ya 2000 watafiti walichoronga mkoa huo huo wa Lindi, eneo la Stakishari, wakapata udongo wenye maganda madogo ya viumbe vya baharini yaliyotunzika mpaka yanang'aa kama yametoka baharini juzi, na ndani yake yakaonekana yale mabadiliko ya miaka karibu milioni 34 iliyopita, barafu ilipoanza kujaa Antaktika. Kati ya viumbe hivyo vidogo kuna kimoja kinaitwa Hantkenina, kina miiba, juu ya mstari fulani hakionekani tena, na mstari huo ndio mwisho wa Eosini. Darasani mnaweza kujaribu: loweka kipande usiku kucha, koroga, chuja kwa kitambaa chepesi huku mkimwagia maji mpaka tope liishe, anika kilichobaki, angalia kwa lensi inayokuza mara kumi. Watapiga kelele.

Dinosaria wasitafute hapo. Wale ni wa Tendaguru, ndani bara, miaka kama milioni 150, bahari na udongo tofauti kabisa. Ila wakikuta mfupa wowote uliogeuka jiwe wasichimbe, sheria ya mambo ya kale inaulinda, pigeni picha mtoe taarifa halmashauri.

Jambo moja nasisitiza mwalimu, nendeni maji yakiwa yanakupwa, na mtoto yeyote asikae chini ya lile jiwe lililotokeza. Mawimbi yanakula udongo taratibu, jiwe linabaki linaning'inia, na baada ya mvua maji yanapenya jiwe yakifika kwenye udongo yanakwama yanatokea pale pale mpakani, udongo unateleza na jiwe linashuka lote. Picha pigeni mkiwa mmesimama mbali, wekeni rula kwenye zile za karibu, halafu nitumie ile ya mpaka nione kama ni matumbawe yenyewe au ni mchanga ulioshikana.