R6 nzito kuondoka: anza na sproketi ya mbele

Mkuu, umesema pikipiki yako, Yamaha R6 ya 2008, ni nzito kuondoka kwenye taa, na unajiuliza kama ufunge sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya meno 15 mbele au ya meno 48 nyuma. Piga hesabu kwanza. Ilitoka kiwandani na 16 mbele na 45 nyuma: 45 gawanya kwa 16 unapata 2.81. Namba hii ikipanda, pikipiki inaondoka kwa wepesi zaidi. Ukiweka 15 mbele unapata 3.00. Ukibaki na 16 na kuweka 48 nyuma, ni 3.00 ileile! Jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma.

Mimi ningeanza na 15, kwa sababu ni bei nafuu na cheni uliyonayo itatosha. Gurudumu litarudi nyuma kidogo tu. Ukiipenda, cheni ikiisha ndipo ufunge 16/48 na cheni ndefu zaidi, maana sproketi ndogo huikunja cheni kwa nguvu na kuimaliza mapema.

Utasikia tofauti ukiachia klachi tu. Ila kwenye mwendo ambao injini ilizunguka mara 6,000 kwa dakika, sasa itazunguka 6,400, na mafuta yatakwenda zaidi safari ndefu. Spidomita nayo itadanganya, kwani sensa yake iko kwenye gia boksi: ukienda 100 kweli, itaongeza kama 7 juu ya ilivyokuwa ikisoma.

Tafadhali, washa (kipande cha bati) ya kufungia nati ya sproketi ya mbele weka mpya, ikunje vizuri kwenye nati. Na kama meno ya sproketi za zamani yamelala kama ndoano, usizichanganye na sproketi mpya. Badilisha seti nzima: sproketi zote mbili na cheni.