Watoto hulala kwa baba yao nikiwa zamu ya usiku: nani awaandike kwenye kodi?

*Shangazi, shikamoo. Ninaishi Columbus, Ohio, na nina watoto wawili, wa miaka 9 na 13. Mume wangu alihama nyumbani Machi 2025, ingawa hatujapeana talaka. Ninafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, na usiku huo watoto hulala kwa baba yao. Asubuhi ninawachukua, nao hushinda kwangu. Nilipotuma ritani yangu ya kodi kwa kompyuta ilikataliwa, kwa sababu baba yao alikuwa ameshawaandika wote wawili kuwa wategemezi wake. Anasema yeye ndiye anayelipa matunzo kila mwezi, na kwamba kwake wanalala siku nyingi zaidi. Ameanza hata kumtaka mkubwa athibitishe. Wazee wetu wananiambia ninyamaze, maana watoto ni wa baba. Je, nina haki yoyote? Mama wa Wawili*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale unapowachukua watoto asubuhi, umetoka kuwageuza na kuwaogesha wazee wa watu usiku kucha, na kabla hujavua sare ya kazi unapika uji na kutafuta kiatu cha pili cha mdogo. Nimekwama hapo kwa sababu jibu la swali lako limo humo humo.

Wazee wako siwabezi. Kwa hesabu ya ukoo wanasema walichorithi, na watoto wataendelea kubeba jina la baba yao. Lakini IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, haiulizi ukoo, wala haiulizi nani aliwahi kutuma ritani kwanza. Wazazi wanapotengana katikati ya mwaka, huuliza tangu siku ile hadi Desemba 31 mtoto alilala kwa nani usiku mwingi zaidi. Miezi mliyokaa wote chini ya paa moja haihesabiwi kwa yeyote. Usiku ukilingana sawasawa, haki humwendea mwenye mapato makubwa zaidi kati ya wazazi hao wawili.

Kwa hesabu hiyo peke yake, mwanangu, baba yao angekushinda, kwa kuwa yeye ana usiku 4 kila wiki na wewe una 3. Ndiyo maana simwiti mwizi. Inawezekana kabisa kwamba anaamini anachokisema. Asichokijua, na wengi wetu tunaofanya zamu za usiku katika nchi ile hatukijui, ni kwamba kanuni hizo hizo zimemkumbuka mzazi wa aina yako. Ikiwa mtoto anakaa na mzazi mmoja siku nyingi zaidi lakini si usiku mwingi zaidi, na sababu ni kwamba mzazi huyo anafanya kazi usiku, basi huyo ndiye anayetambuliwa kuwa mzazi anayeishi na mtoto. Tena kwa siku za shule, mtoto huhesabiwa kuwa anaishi kwenye anwani iliyoandikishwa shuleni kuwa makazi yake makuu. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ni kwenda shuleni kuulizia ni anwani gani imeandikwa huko. Ikiwa ni yako, una msingi imara. Ikiwa ni ya baba yao, hoja yako inadhoofika sana, na ni heri ulijue hilo kabla hujatuma chochote.

Kuhusu matunzo, jibu ni fupi: kuyalipa hakumpi mtu haki ya kuwaandika watoto. Anayeyalipa hayapunguzi kwenye mapato yake, na wewe unayeyapokea huyatozwi kodi.

Usiseme kwamba ni jambo dogo la kuachia. Kwa mwaka 2025, nafuu ya kodi kwa mtoto aliye chini ya miaka 17 inafika dola 2,200 kwa kila mmoja, mradi mtoto ana namba ya hifadhi ya jamii inayoruhusu kazi na mzazi anayemwandika anayo yake. Zaidi ya hapo kuna hadhi ya mkuu wa kaya, inayompunguzia kodi mzazi anayelea watoto bila mwenzi nyumbani, na ile nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini, ambayo kwa mwenye watoto wawili inaweza kufika dola 7,152. Mambo haya mawili ya mwisho yanategemea watoto kuwa wameishi nyumbani kwako zaidi ya nusu ya mwaka, na hata mkikubaliana huwezi kumhamishia mwenzako.

Ritani yako bado unaweza kuituma. Ichapishe, itie sahihi, uipeleke kwa posta kabla ya Aprili 15. Au uombe IRS namba ya tarakimu 6 iitwayo IP PIN, ambayo hukuwezesha kutuma kwa kompyuta hata kama mwingine ameshawaandika watoto. Baadaye huenda nyote wawili mkapata barua ya kuwataka mkague ritani zenu, na asiporekebisha yeyote, ndipo mtakapoombwa ushahidi. Tafuta mapema barua ya shule, kumbukumbu za kliniki na barua ya mwenye nyumba, zikiwa na majina ya watoto, anwani yako na tarehe, pamoja na ratiba zako za zamu za mwaka mzima. Kabla ya kutuma, peleka vyote kwenye kituo cha VITA, ambako wenye kipato cha chini na cha kati huandaliwa ritani bure.

Ukitaka kumwachia baba yao haki ya kumwandika mtoto mmoja kwa ajili ya amani, njia ipo: utajaza Fomu 8332, naye ataiambatisha kwenye ritani yake. Jaza sehemu ya mwaka mmoja tu. Ukimwandikia miaka ijayo, kisha ukabadili nia, kuifuta kunaanza kufanya kazi mwaka unaofuata.

Lakini mkubwa wako mwondoeni kwenye ushahidi leo hii. Mtoto wa miaka 13 akiulizwa analala wapi, anasikia anaulizwa anampenda nani. Mwandikie baba yake hivi, bila kuongeza neno: «Baba Watoto, kuhusu kodi nimepata maelezo kwamba zamu zangu za usiku zinahesabiwa. Nitakuonyesha karatasi kabla sijatuma yangu. Ukiona ni kweli, unaweza kurekebisha yako kwa Fomu 1040-X. Naomba tulimalize mimi na wewe, watoto tusiwaulize tena.»