Herufi H kwenye majibu ya damu si jina la ugonjwa

Msomaji ametuma picha ya majibu yake ya FBP, yaani kipimo cha jumla cha chembe za damu. Anasubiri kipimo cha ferritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, na usingizi umemkimbia, kwani chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) zimewekewa herufi H, yaani ziko juu ya kawaida, na mtandaoni amesoma habari za saratani ya damu. Inaumiza kuona mtu anakabidhiwa karatasi kama hiyo dirishani bila hata neno moja.

Dada, usisome mstari mmoja peke yake. Himoglobini yako ni 10.4; kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu wa damu (mjamzito 11, ila 10.5 katika miezi mitatu ya katikati; mwanamume 13). MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu, ni 71, na kawaida ni 80 hadi 100. Chembe sahani ni 480. Mwili ukikosa madini chuma, chembe nyekundu hutoka ndogo na chembe sahani mara nyingi hupanda kidogo. Hiyo H huenda inafuatana tu na L mbili (chini ya kawaida) za juu yake, za himoglobini na MCV.

Lakini chembe ndogo huletwa pia na thalasemia ya kurithi, ambayo ipo sana pwani kwetu, na vidonge vya chuma haviitibu. Ndiyo maana daktari ameagiza ferritini. Kwa mtu mzima, chini ya 15 maana yake akiba ya chuma imekwisha. Mtego wake ni kwamba maambukizi huipandisha: ukipimwa ukiwa na malaria, 40 itaonekana nzuri kumbe akiba imeisha. Kwa mwenye maambukizi, Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa 70. Basi mwambie daktari kama ulikuwa na homa siku ya kutoa damu, na uulize kama CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha dalili za maambukizi, imepimwa pia. Vidonge usivianze kabla damu ya ferritini haijachukuliwa.

Angalia na kizio kilichoandikwa baada ya namba: 104 g/L ndiyo 10.4 g/dL. Viwango vya kawaida vilivyoandikwa pembeni ya majibu navyo hubeba watu 95 kati ya 100 wenye afya. Wale watano hupata H au L na hawaumwi.

Andika hedhi yako huchukua siku ngapi na unabadilisha pedi mara ngapi. Daktari atauliza, maana chuma hupotelea huko, au kwa minyoo ya safura.

Ila ukihema ukiwa umekaa, moyo ukienda mbio, himoglobini ikishuka chini ya 7, au ukipata choo cheusi kama lami na hujameza vidonge vya chuma, usisubiri ferritini. Nenda hospitali leo hii.