Toyota IST kutangatanga baada ya alaimenti (kupima na kunyoosha mwelekeo wa tairi)

Mkuu, gari kuvuta upande mmoja na gari kutangatanga ni magonjwa mawili tofauti. Ya kwako, kwa ulivyoeleza, ikifika kilomita 80 kwa saa inakwenda mara kushoto mara kulia na unaurudisha usukani kila saa. Hiyo ni kutangatanga, na kwa kuwa imeanza baada ya alaimenti, usikubali kuuziwa matairi kwanza.

Ulipewa karatasi ya vipimo? Kama hukupewa, rudi ukaidai. Mbele ya IST fundi kwa kawaida anarekebisha too (toe, yaani tairi mbili za mbele zimetazama ndani au nje kiasi gani) peke yake, na tairi zikiachwa zimetazama nje, gari haitulii hata kwenye lami iliyonyooka.

Kabla ya kurudi, chungulia nati za kufungia tairodi, vile vyuma vinavyotoka kwenye raki ya usukani kugeuza tairi. Fundi huzilegeza ili apate kuzungusha. Akisahau kuzikaza, vipimo vinahama, na hiyo ni hatari kwa usalama wako, usiende nayo safari. Kisha inua mbele kwa jeki, weka stendi, shika tairi kushoto na kulia uitikise. Ikicheza, shuku tairodi au raki. Ikicheza ukishika juu na chini, ni boljointi (kiungo cha chini kinachoshikilia tairi) au beringi. Alaimenti juu ya vyuma vilivyochoka ni hela ya bure, na fundi mzuri angekuambia kabla ya kupokea pesa.

Upepo pia, upime tairi zikiwa baridi. Kipimo kinachotakiwa kimeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kikiandikwa 220 kPa, ni kama 32 psi.